Richmond, mji uliolala kwa zamu

Shangazi alikuwa ametoka zamu ya usiku. Anatunza wazee, San Francisco, mwaka wa kumi na moja sasa, na akirudi asubuhi huwa hana maneno, ni kitanda moja kwa moja. Siku hiyo alivua viatu vya kazini, akavaa raba, akasema, "Twende, mwanangu. Nitalala kwenye feri." Nilikuwa nimemsumbua wiki nzima kwa habari za Richmond, mji ulio ng'ambo ya ghuba.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nilijifunza kazi Tanga nikiwa na miaka 19, na karakana ya kwanza iliyonipokea ilinipa ufagio miezi mitatu kabla ya kunipa kofia ya kuchomelea. Ndiyo maana ile picha ya msichana wa Kimarekani mwenye kitambaa chekundu cha madoa kichwani, amekunja mkono kuonyesha msuli, ilinikaa moyoni tangu nilipoiona kwenye fulana ya mtumba. Bango lile lilichorwa na J. Howard Miller mwaka 1943 kwa ajili ya viwanda vya Westinghouse, na wakati wa Vita Kuu ya Pili yenyewe halikujulikana sana. Mimi nilitaka kufika mahali ambapo wasichana wa aina ile walishika kazi kwelikweli.

Feri inachukua kama dakika 35. Shangazi alilala kabla hatujaiacha gati. Ukungu ulikuwa umefunika nusu ya daraja la Golden Gate, upepo wa baridi unapenya koti, na mbele yetu likaanza kuonekana jengo refu la matofali lenye vioo vingi na paa la meno ya msumeno. Ndicho kiwanda cha zamani cha Ford. Kabla ya vita kiliunda magari. Vita ilipoingia kikageuzwa mahali pa kuandaa vifaru na magari ya jeshi kabla ya kupakiwa melini. Pembeni yake kuna jengo dogo la matofali lililokuwa la kuhifadhia mafuta, na leo ndipo wageni wa makumbusho ya waliobaki nyumbani wakiifanyia vita kazi hupokelewa.

Mwaka 1940 Richmond ilikuwa na watu wapatao 23,000. Kufikia 1943 walikuwa zaidi ya 100,000. Henry Kaiser, tajiri wa ujenzi, alifungua viwanda vinne vya meli hapa, na kwa jumla vilitoa meli 747. Moja, Robert E. Peary, iliunganishwa Novemba 1942 kwa siku 4 na saa 15 na ushei, tangu kulazwa mkuku hadi kuingia majini. Fundi yeyote akisikia hesabu hiyo atasimama. Siri yake ni kwamba vipande vikubwa viliundwa pembeni, vikanyanyuliwa kwa winchi, na vikaunganishwa kwa kuchomelea badala ya kupigwa ribiti, ile misumari ya kubana vyuma. Kwa hiyo huyo Rosie, jina ambalo Wamarekani humwita msichana wa bangoni, anayeimbwa kama mpiga ribiti, hapa Richmond mara nyingi alikuwa mchomeleaji kama mimi. Msichana asiyewahi kushika chuma aliweza kufundishwa kuchomelea kwa muda mfupi: kwanza mshono wa kulala, kisha wa kusimama, mwisho ule wa juu ya kichwa ambapo cheche zinakuingia shingoni.

Fundi aliyekamilika alilipwa dola 1.20 kwa saa, awe mwanamume au mwanamke. Wengi wao walitoka mashamba ya Arkansas, Oklahoma, Texas na Louisiana. Nilijaribu kumwona msichana wa miaka 20 anafungua bahasha ya mshahara wake wa kwanza, hana baba wa kumkabidhi.

Lakini kilichonishika zaidi humo makumbushoni ni habari ya kulala. Nyumba hazikutosha. Watu walilala kwenye magari, kwenye mahema, na kitanda kimoja kilipangishwa kwa watu watatu, kila mmoja na saa zake nane. Anayetoka zamu ya usiku wa manane alimwamsha mwenzake, akaingia palepale. Nilimsimulia shangazi, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, usidhani hayo yamekwisha," akasema. "Tulipofika sisi tulikuwa wanne, vitanda viwili. Godoro halikuwahi kupoa."

Na kwa kuwa mji ulifanya kazi kwa zamu, hata starehe zilikwenda kwa zamu. Sinema zilifunguliwa usiku kucha. Waliotoka kazini saa sita usiku walikwenda kucheza dansi, na upande wa North Richmond kumbi za blues ziliwaka hadi alfajiri. Sukari ilikuwa kwa kuponi, viatu navyo kwa kuponi kuanzia 1943. Soksi za nailoni ziliadimika kwa kuwa nailoni ilikwenda kwenye miavuli ya askari, basi wasichana wakajichora mstari wa penseli nyuma ya mguu, waonekane wamevaa. Napenda sana habari hiyo. Mtu ameshinda ndani ya tumbo la meli, uso umejaa masizi, na bado anamwomba rafiki yake amnyooshee mstari.

Siwezi kusimulia hayo nikaacha mengine. Atchison Village, mtaa mzuri uliojengwa kwa wafanyakazi wa vita, ulikuwa wa wazungu tu. Weusi walijiunga na tawi lao la pembeni katika chama cha wafanyakazi, wakalipa ada na wasiwe na kura. Katika ofisi ya tawi hilo alifanya kazi msichana mmoja mweusi, Betty Reid Soskin, akipanga kadi za wanachama. Meli ikiundwa hakuiona. Baadaye sana, akiwa na miaka zaidi ya 80, alirudi hapa kama askari wa hifadhi mwenye kofia na beji, akiwaambia wageni kwamba ile ya Rosie ilikuwa hadithi ya wanawake wa kizungu, na yake ni nyingine. Alistaafu 2022 akiwa na miaka 100. Na wakulima wa maua wa Kijapani waliokuwa hapa waliondolewa 1942 wakapelekwa kambini, mashamba yao ya vioo yakabaki nyuma.

Kutoka hapo tulichukua teksi hadi barabara ya Florida, kuliangalia kwa nje tu jengo la kituo cha kulelea watoto wa wafanyakazi kilichofunguliwa 1943. Kaiser alikuwa na wanawake karibu 24,500 kwenye orodha ya malipo, na vituo vya mji mzima vilipokea watoto wapatao 1,400 kwa siku. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Binti yangu ana miaka minne na yuko Tanga kwa mama yangu. Mama ndiye kituo changu. Bila yeye nisingeshika rodi hata moja, na sijawahi kuona bango linalomwonyesha.

Mwisho tulikwenda kwenye Red Oak Victory, meli ya mizigo iliyoshushwa majini hapahapa Novemba 1944, sasa imefungwa gatini kwenye kiwanda nambari 3. Mzee anayejitolea kuongoza wageni alitushusha ngazi. Sitahani kulikuwa na kamba zimekunjwa, nikakumbuka kwetu: Wajapani walipoichukua Ufilipino 1942, zilikotoka nyuzi za kamba, katani ya Tanganyika ikawa lulu kwa kamba za meli, na serikali ya kikoloni ikawakamata watu kwa nguvu kuwapeleka mashambani. Wazee wa Muheza wanalijua neno manamba vizuri.

Chini ghalani nilimwomba yule mzee tochi. Mishono mirefu ya bapa ilipigwa na mashine, imenyooka kama rula. Lakini kwenye kona, nyuma ya mbavu za meli, mashine haikufika. Hapo ni mkono. Nilipitisha kidole juu ya rangi nene nikauhisi mshono, mawimbi yake madogo yamefuatana sawasawa, halafu kikovu kidogo, halafu mawimbi tena.

"Hapa rodi ilimwishia," nikamwambia shangazi. "Akaweka nyingine, akaendelea."

Shangazi akaweka kidole chake pale, kwenye kile kikovu.

"Labda ilikuwa usiku," akasema.

Tukapanda juu taratibu. Saa nne usiku alikuwa na zamu.