Harufu ya Mkate wa Ufuta Ndani ya Krug

Boti ya asubuhi ilitoka Dar imejaa, na tulipoacha mlango wa bandari kusi ilikuwa imeshachafua bahari. Kijana anayegawa mifuko ya kutapikia alipita mara tatu. Mimi sikuchukua. Tangu jana yake usiku nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu, maana anayekwenda kuonja hapeleki mdomo wenye vitunguu. Mkobani nilikuwa na daftari, kalamu mbili na mwaliko wa kwenda Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja: kuonja shampeni tatu za daraja la juu, ule mvinyo wa mapovu wa Ufaransa, kwa wahudumu 12 wa hoteli.

Kwetu ni Hombolo, Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kishada cha zabibu ya Makutupora nilikijua uzito kabla sijajua kuandika. Lakini miaka sita nimewafungulia wageni chupa hizi kubwa, na kilichonibakia ni harufu ya kizibo. Bei ya chupa moja inapita mshahara wangu wa mwezi. Kwa hiyo safari hii niliingoja kama mtu anavyongoja harusi ya ndugu.

Kutoka bandarini Malindi, Unguja, nilitembea kwa miguu. Tulikuwa ghorofani, chumba kimefungwa, mapazia yameshushwa. Pombe ina mahali pake Unguja, na hakuna aliyetoka na glasi barazani. Adhana ya adhuhuri ilipoanza, mwalimu wetu, Mfaransa mtu mzima, alinyamaza akaweka chupa chini mpaka ikaisha. Hilo lilinipendeza sana.

Alianza na Dom Pérignon ya mavuno ya 2012. Mtawa mwenye jina hilo alifariki mwaka 1715 huko Hautvillers na hakuvumbua mapovu, ingawa wengi bado wanasimulia hivyo. Shampeni yenye jina lake ilianza na mavuno ya 1921, ikaingia sokoni mwaka 1936. Wenzangu walishaanza kuandika. Mimi glasi yangu ilikuwa imelala kama maji ya mtungini. Niliinusa: sabuni. Nikanyoosha mkono. Glasi ilibadilishwa, ikasuuzwa kwa maji ya moto, ikafutwa kwa kitambaa safi, na safari hii viputo vikapanda kwa mstari mwembamba kutoka chini, bila kukoma. Viputo huzaliwa kwenye vinyuzi vidogo visivyoonekana vilivyobaki ndani ya glasi, na utando wa sabuni huviua. Ningependa kila anayeosha glasi hotelini aambiwe jambo hilo siku yake ya kwanza ya kazi.

Ya pili ilikuwa Cristal ya 2014. Nyumba ya shampeni ya Louis Roederer iliitengeneza mwaka 1876 kwa ajili ya Tsar Alexander II wa Urusi, ndiyo maana chupa yake ni ya kioo cheupe na kitako chake ni bapa. Inasimuliwa kwamba mfalme yule aliogopa kufichiwa bomu. Mimi niliiacha hadithi nikarudi kwenye glasi. Ndimu kwanza. Kisha chumvi kidogo pembeni mwa ulimi, halafu kitu kikavu, kikali, kisafi, ambacho mkono wangu ulikiandika wenyewe: chokaa.

Mwalimu akasoma daftari langu. Hakusema kitu, alitoa mfukoni jiwe jeupe la chaki kutoka kwao Champagne, akaliweka kiganjani mwangu. Mizabibu yao imesimama juu ya mwamba huo, uliojengeka chini ya bahari ya kale kwa magamba ya viumbe wadogo mno. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, na ukutani lipu ilikuwa imebanduka. Chini yake lilionekana jiwe la matumbawe, na chokaa ya Mji Mkongwe nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Nikapitisha kidole, nikakigusa ulimini, nikaonja tena Cristal. Ladha haikuwa moja, lakini zilijuana. Bahari mbili zilizokufa zamani, na nilikuwa nimezishika zote mbili.

Krug Grande Cuvée, shampeni ya tatu, ilikuja mwisho, si baridi ya barafu, maana baridi kali huifunga harufu. Mvinyo zaidi ya 120 wa miaka zaidi ya 10 tofauti huchanganywa humo, kisha chupa hulala kwenye handaki kama miaka saba. Mwalimu akataja jina la mkate fulani wa kwao wa siagi na mayai. Kalamu zote zikaandika. Yangu ilisimama, kwa sababu mkate huo sijawahi kuula, na sikutaka kuandika kitu nisichokijua.

Kando yangu alikaa dada mmoja wa Unguja, ambaye tangu asubuhi alikuwa akinusa tu bila kutia mdomoni.

"Kakaangu, hebu nusa tena," alininong'oneza. "Si mkate wa ufuta huo?"

Nikanusa. Ndio! Hamira, ufuta uliokaangika, na ule ukingo uliobabuka kidogo. Tena ana haki: hamira ndiyo inayotia mapovu ndani ya chupa, na ikishakufa mvinyo hulala juu ya mashapo yake mpaka unashika harufu ya mkate. Nikamwambia mwalimu, naye akatuomba tumwandikie jina hilo herufi kwa herufi.

Magharibi nilikwenda sokoni Darajani. Mama mmoja alikuwa ameinamisha chuma juu ya makaa, unga wenye tui na hamira ukiumuka huku ufuta ukigeuka rangi.

"Shikamoo mama. Naomba mitatu."

"Marahaba mwanangu. Ngoja upate ya moto."

Mmoja niliula palepale, nikiunusa kwanza kila nilipomega. Miwili niliifunga gazetini ikavuka nami hadi Dar, kwa wenzangu wa zamu ya jioni ambao hawakualikwa.