Magunia ya Dagaa

Nilikuwa katibu wa chama chetu cha kuweka na kukopa pale Kibirizi, Kigoma, na saini yangu ilikuwemo kwenye karatasi za kutolea fedha. Naanza na hilo kwa sababu wenzangu wakisimulia kisa hiki jina langu hulitaja mwisho.

Mweka hazina wetu alikuwa na jicho la biashara. Dagaa hushuka bei wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi hubaki ufukweni na bei hupanda. Mara mbili alichukua akiba za wanachama, akanunua, akangoja mwezi, akauza. Faida tukagawana kamati, tukaiita posho. Wanachama hawakuulizwa.

Mara ya tatu ilikuwa Desemba 2009, mzigo wa kupeleka Dar es Salaam. Mafuriko yakaikata reli huko Kilosa, treni ikasimama kwa miezi. Magunia yakabaki kwenye ghala linalovuja. Dagaa akishapata unyevu hana siri, mtaa mzima ulijua kabla ya mkutano.

Kamati tukapendekeza kila mwanachama achangie, chama kisife. Mama mmoja muuza dagaa akasimama.

"Mwanangu, mlipogawana faida mlituita?"

Alinitazama mimi, si mweka hazina.

Januari 2010 nikamsikia redioni Obama, rais wa Marekani wakati huo, pembeni yake mzee Paul Volcker aliyewahi kuongoza benki kuu ya nchi hiyo. Obama alitaka benki zinazotunza amana za watu zikatazwe kubahatisha masokoni kwa faida yao zenyewe. Mwaka 2008 Bunge lao lilikuwa limeidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa mabenki, fedha za walipa kodi. Nilizima redio.

Mweka hazina alijitetea kuwa hakufanya biashara, bali aliikinga akiba yetu isiliwe na kupanda kwa bei za vitu. Nilimwona mwongo wa kienyeji tu. Kumbe neno hilo la kujikinga lina wenyewe wakubwa. Sheria ya kukataza ubahatishaji ule aliousema Obama ilisainiwa Julai 2010, ikaacha mwanya kwa benki inayonunua ili kujikinga na hasara. Mwaka 2012, kanuni zikiwa bado zinaandikwa, kitengo cha JPMorgan, benki kubwa ya Marekani, kule London kikapoteza zaidi ya dola bilioni 6 katika biashara ambayo benki ilikuwa ikiiita kinga. Kanuni zilipokamilika Desemba 2013, zikadai benki ioneshe kila kinga inazuia hasara ipi hasa. Swali hilo tungemuuliza mweka hazina kabla sijasaini, angekwama.

Mchango ulikataliwa. Kwenye daftari letu tukaandika kwamba akiba isinunue dagaa; anayetaka kubahatisha afungue mfuko wake, kwa jina lake. Hasara tukalipa kamati. Mimi nilimaliza deni 2011, kwa kuuza baiskeli. Aliyeinunua ni yule mama, na bei alinikata vibaya.