Mkaa wa maganda ya mise: pipa kwanza, mashine baadaye

Kila panapokamuliwa mawese hapa Kigoma, maganda ya mise, yaani kokwa za chikichi, hayakosekani. Wanaotaka kuyageuza mkaa mbadala wengi huanza kwa kutafuta fedha za mashine ya kushindilia. Tunawasihi waanze na pipa, kwa sababu mkaa ulioharibikia motoni hauokolewi na mashine yoyote.

Pipa la chuma la lita 200 hubeba karibu kilo 100 za maganda. Toboa kitako matundu yanayopitisha kidole, liinue juu ya mawe matatu. Maganda hushikamana, na ukijaza hivihivi hewa haipiti, moto unafia njiani. Kwa hiyo simamisha katikati bomba la bati lililotobolewa pande zote na uliache humo. Mwaga maganda makavu kulizunguka, kisha washa kutoka juu kwa makapi ya chikichi. Yana mafuta bado, yanashika upesi.

Sasa usiondoke. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka. Baadaye hugeuka wa njano, unawasha macho. Ukishakuwa mwembamba wenye rangi ya bluu, hapo hapo ziba chini kwa udongo mbichi, funika juu, siliba ukingo wote. Ukichelewa utavuna jivu. Ukiwahi, utakuta vipande vya kahawia, na hivyo ndivyo vinavyojaza moshi jikoni. Fungua kesho yake, pipa likiwa baridi kabisa, maana likiwa na joto mkaa huwaka upya. Ukipata kilo 25 hadi 30, umechoma vizuri. Kazi hii ifanyike nje: gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka motoni haina harufu, na inaua.

Twanga, chekecha kwa matundu ya milimita 3. Kwa kilo 10 za vumbi, koroga gramu 700 za unga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye lita 5 za maji yanayochemka, pika hadi uji uvutike. Changanya ungali moto. Finya konzi moja: likishikana bila kuchuruza maji, shindilia. Bomba la inchi 2 na mchi vinatosha kwa kuanzia.

Siku ya kwanza anika kivulini, kisha juani siku tatu hadi tano. Jua kali mapema hupasua. Makaa yakimeguka yakiwa makavu, vumbi lilikuwa la chenga au uji ulikuwa mwepesi. Masika uji huchacha na kuota ukungu, basi tengeneza kidogo kidogo na uanike chini ya paa, kwenye vichanja.

Jambo moja la kuangalia mbele: michikichi ya zamani, dura, ina ganda nene. Miche ya tenera inayotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga ina ganda jembamba na mafuta mengi zaidi. Ni faida kubwa kwa mkulima, ila kila chikichi kitaacha maganda machache kuliko leo.