Sambaza kwenye blanketi

Daktari wa macho ametupa matone ya atropini: asubuhi na jioni, kisha turudi akapime miwani. Jana usiku binti yangu aligeukia taa. Mboni zilikuwa zimetanuka, rangi ya kahawia imebaki uzi tu pembeni.

"Mama, mbona unaniangalia hivyo?"

Macho yale niliwahi kuyaona. Yalikuwa ya mdogo wangu, tukiishi Nguba, mtaa wa mji wa Bukavu, Kongo, yeye na miaka mitano.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na ule mti wa maua meupe yanayoning'inia, unaozidi kunukia giza likiingia. Brugmansia, jamaa ya nyanya na bilinganya, asili yake Amerika ya Kusini. Bukavu umestawi utadhani ni kwao. Kwamba una atropini hiyohiyo, pamoja na skopolamini, sumu nyingine ya aina hiyo, nilijua ukubwani. Siku ile tulikuwa fanfari, bendi ya tarumbeta, na kila mpigaji alitaka ua liwe tarumbeta yake. Ya mdogo wangu haikulia. Akaitafuna.

Usiku ngozi ilikuwa moto na kavu, ulimi umekauka. Halafu akaanza kuvua samaki. Alikaa katikati ya blanketi, akaokota kitu kisichokuwepo kwa ncha za vidole, kimoja kimoja, taratibu, kama watu wanaochambua sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu.

"Mama, shika. Iko mingi."

Mama alikunjua kitenge chake mapajani, akapokea. Kila aliposema shika, alipokea kwa mikono miwili. "Aksanti, papa." Alivuta kitenge pembeni wasimwagike. Mikono ilikuwa inamtetemeka, lakini sikuona samaki hata mmoja akianguka. Mpaka leo, nikifumba macho, kile kitenge nakiona kizito.

Gari la jirani, hospitali, siku mbili. Muganga aliuliza mtoto amekula nini. Wote wakanitazama. "Alikula ua," nikasema. Hakuna aliyeuliza nani alilichuma. Baba alikata mti na shina lake.

Sasa mdogo wangu naye ni baba wa watu, na hakuna sherehe asiposimulia jinsi alivyojichumia tarumbeta. Watu wanacheka hadi machozi wakifika kwenye sambaza. Mama hacheki, anakunja kunja upindo wa kitenge. "Yaya, si unakumbuka?" mdogo wangu ananiuliza mimi dada yake. Nakumbuka, namwambia, na kuwaongezea wageni chai.

Asubuhi kuna tone jingine. Nimemwomba baba yake ndiye amtie.