Dagaa wa Kibirizi wamenisahihishia daftari

Uvinza nilinunua chumvi nisiyoihitaji. Treni ilisimama, mama mmoja akainua kifuko hadi dirishani, nikajikuta nimeshatoa hela. Nadhani nilitaka tu mtu anihesabie chenji kwa lafudhi ya nyumbani. Kutoka hapo sikusinzia tena. Kazuramimba, Luiche, halafu maji.

Miaka 14 nimefundisha biolojia Botswana. Nchi nzuri, watu wastaarabu, mshahara unaingia kwa wakati, na hakuna ziwa. Kuna mito na mabwawa, lakini ukitamka "ziwa" mtu wa Kigoma anawaza Tanganyika, maji yanayomeza jua jioni na kutema milima ya Kongo asubuhi.

Mama alinitazama kuanzia viatu. "Umenenepa, au ni hilo koti?" Shikamoo yangu aliiitikia baadaye.

Mezani palikuwa na ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Mgebuka mmoja, vipande vinne, na sisi tulikuwa watano. Mama akasema yeye anapenda mchuzi. Tulipokuwa wadogo kila mtoto alikuwa na mgebuka wake, na mkia tulimtupia paka. Nikauliza samaki wamekwenda wapi. "Muulize mjomba wako," akasema, "mimi napika tu."

Alfajiri ya siku ya tatu nikateremka Kibirizi. Ufuo nilioujua haupo, maji yamepanda na kuula, na pale tulipokuwa tukichezea mpira sasa imefungwa mitumbwi. Mjomba alikuwa ndio kwanza ametia nanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mwakeye, mwalimu. Shika ndoo hiyo, usisimame kama mkaguzi."

Ndoo ilikuwa na dagaa, wanang'aa kama sindano mpya. Ilikuwa wiki ya giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi na wavuvi wengi hulala nyumbani. Zamani zilikuwa karabai, na mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa mafuta ya taa. Sasa taa ni za betri, na betri inachajiwa kwa sola juu ya bati. Nilisimama nikalitafakari jambo hilo hadi mjomba akaniuliza kama naumwa. Jua la mchana linawekwa kwenye betri ili usiku limwite samaki ambaye naye ni jua la mchana. Hata dagaa wakishatoka majini wanaanikwa mchangani, na jua hilo hilo linawakausha ili wafike Dar wakiwa na heshima zao.

Darasani nilikuwa nachora mshale wa mnyororo wa chakula. Nyasi, swala, simba. Jua pembeni, limechorwa miale kama jongoo. Kisha nawaambia wanafunzi kwamba kila hatua nguvu nyingi hupotea kama joto, kwa kupumua, kukimbia na kujipasha mwili, na kwamba kinachopita kwenda hatua inayofuata ni kama sehemu moja ya kumi. Kwa kweli huweza kuwa chini ya hapo au mara mbili yake, lakini mtihani unataka kumi, basi kumi. Aliyetufungulia njia ya kuhesabu hivyo ni kijana wa Kimarekani, Raymond Lindeman, aliyekaa miaka mitano akipima kibwawa cha Cedar Bog kule Minnesota: mwani, vijidudu, samaki, matope. Andiko lake lilikataliwa kwanza kwa kuonekana lina nadharia nyingi mno. Lilipochapishwa, mwaka 1942, mwenyewe alikuwa ameshafariki miezi michache kabla, hajatimiza miaka 27. Wanafunzi wangu walikuwa wakinyamaza kila nilipofika hapo. Ndiyo sehemu pekee ya somo hilo waliyokuwa wakinyamaza.

Ila sikuwahi kuipeleka hesabu hiyo kwenye sahani ya mama. Hebu tuipeleke. Mgebuka mkubwa huku kwetu hula dagaa zaidi ya kitu kingine. Dagaa hula vijidudu vinavyoelea, zuplanktoni, vingi vyake vidogo kuliko punje ya ulezi. Vijidudu hula mwani usioonekana kwa macho, na mwani hula jua. Ukifuata kile kipimo cha kumi, kilo moja ya mgebuka imebeba kilo 10 za dagaa, kilo 100 za vijidudu, na tani nzima ya mwani. Kile kipande changu cha mkiani kilikuwa ni mwani wa kujaza gunia. Halafu utotoni mkia tulimtupia paka!

Ndiyo maana ziwa lenye migebuka wengi kuliko dagaa haliwezekani, hata uliombee dua. Ndiyo maana pia dagaa ndio wanaolisha nchi: anayekula dagaa ameketi ngazi moja chini, na ngazi hiyo ni pana mara kumi. Dagaa wenyewe hawaishi sana, mwaka mmoja hivi, wanazaliana haraka na kuondoka. Sangara wakubwa, wale wa kubebwa na watu wawili, walikaa ngazi ya juu kabisa na walichukua miaka kukua. Wao ndio waliopungua mapema zaidi, nyavu kubwa za meli zilipoanza kuzungushwa upande wa Burundi katika miaka ya 1950.

Hayo yote mjomba aliyasikiliza akichambua wavu. Kisha akasema neno moja lililonifungia kitabu: "Sasa mwalimu, jua lipo mwaka mzima. Mbona dagaa hawapo mwaka mzima?"

Nikasema mvua. Akatikisa kichwa. Nikasema mwezi. Akacheka. "Upepo," akasema. "Upepo wa kusini usipovuma vizuri, hata uwe na taa mia."

Niliporudi nyumbani nilikaa na simu yangu hadi bando likakata, na mjomba yuko sahihi kuliko ubao wangu wote wa miaka 14.

Ni hivi. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Lakini sehemu yenye uhai ni ganda tu. Huku kaskazini, ukishuka kama mita 100, oksijeni inakwisha. Chini ya hapo ni maji mfu, hayana samaki. Kila kinachokufa juu, mwani, kijidudu, dagaa aliyeponyoka wavu, huzama humo na kuoza polepole. Nguvu yake imeshakwenda, imekuwa joto, hairudi. Lakini mbolea yake, fosforasi na naitrojeni, imebaki kule chini imejaa ghalani. Juu kuna jua lisilo na mbolea, chini kuna mbolea isiyo na jua.

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670. Unayasukuma maji ya juu kuja kaskazini, na kule kusini maji baridi ya chini yanapanda kujaza nafasi. Upepo ukitulia, ziwa lote linayumba kama maji kwenye beseni lililobebwa na mtoto, polepole sana, na mbolea kidogo inavuja hadi penye mwanga. Mwani unachanua, vijidudu vinafuata, dagaa wanafuata. Mshale wangu wa ubaoni ulikuwa sahihi kwa nguvu, kwa sababu nguvu hupita njia moja tu, huingia kama mwanga na kutoka kama joto. Nilichowanyima watoto wa watu ni kwamba kinachouendesha mshale huo hurudi, tena hurudi kwa kuinuliwa.

Na kuinua kumekuwa kugumu. Maji ya moto hukaa juu kama mawese juu ya mchuzi. Tofauti kati ya juu na chini ni nyuzi chache tu, maji ya juu yana 25 hadi 27 na ya kilindini 23 na kitu, lakini hizo chache zinatosha kuzuia mchanganyiko. Vipimo vya joto la ziwa hili vipo tangu 1913, na tangu wakati huo joto limepanda, juu kwa haraka kuliko chini. Mawese yamekuwa mazito. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walitoa makadirio kwenye jarida la Nature kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, na kwamba samaki huenda walipungua kwa takriban asilimia 30 kwa sababu hiyo. Wapo waliobisha kwamba ni nyavu na si joto. Mimi sioni kwa nini tuchague. Ngazi ya chini ikipungua na ya juu ikavuliwa zaidi, mama anakunywa mchuzi.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, lipumzike. Mjomba alilima muhogo. Nilipomuuliza kama ilisaidia, alinijibu kimvuvi: "Waliofuata walikuwa wanene." Zaidi ya hapo hakutaka kusema, na mimi nimejifunza kutomchimba mtu mwenye sindano ya wavu mkononi.

Kuna jambo jingine nililiona kwa macho tu. Masika dagaa hawakauki, kwa hiyo wengine huwabanika kwa moshi. Moshi unataka kuni, kuni zinatoka mlimani, na mlima ukishabaki uchi mvua inaleta tope ziwani. Pale tope linapoingia mwanga hauingii, na mwani wa kwenye mawe ya pwani, ule wanaoutafuna samaki wadogo wa rangi rangi, unafunikwa. Ukisimama Bangwe baada ya mvua kubwa unauona mstari: huku maji ya kahawia, kule ya bluu. Sikumbuki kuuona mstari huo nikiwa mtoto, ingawa nikiwa mtoto nilikuwa naangalia mpira.

Juzi mpwa wangu wa darasa la sita aliniletea daftari nimsaidie. Zoezi la mnyororo wa chakula. Alikuwa ameshachora: nyasi, panzi, chura, nyoka. Nyumba yao iko hatua mia kutoka ziwani na kwenye daftari hakuna hata tone la maji. Nikamwambia afute, tuchore wa hapa. Akachora jua, akachora nukta nyingi za kijani, nukta za kijivu, dagaa watatu, mgebuka mmoja, na bibi yake ameshika mwiko. Mishale akaiweka vizuri kabisa.

Nikamsimulia habari ya maji ya chini na upepo. Akanyamaza, akauma penseli.

"Sasa upepo niuchore wapi, mjomba? Yeye haliwi na mtu."

Nilisema nitafikiri. Asubuhi nilikuta ameshamaliza bila mimi: kichwa kikubwa kimevimba mashavu, kiko kwenye kona ya chini kushoto ya ukurasa, kinapuliza.