Sanamaki na panya wa Guangzhou

Sanamaki ikichemka, nyumba nzima inajua. Juzi Bi Mkubwa kayatia sufuriani majani hayo ya kuharisha, eti tumbo limemgomea tangu Ijumaa, na harufu ile ikanichukua moja kwa moja hadi maabara ya Guangzhou, Uchina, zamu yangu ya kunywesha panya.

Wachina nao wanayo, ila sisi tuliichemsha kusudi panya waugue. Tulichokuwa tunakitafuta ni upungufu wa qi, yaani nguvu ya uhai, ya bandama, ambao kwa tiba yao ndio humnyima mtu hamu ya kula, choo kikalainika, viungo vikalegea. Maabara nyingine hutumia mzizi wa dahuang, nao wa kuharisha. Nyingine humlaza panya njaa leo, kesho akashibishwa, kisha akaogeleshwa mpaka nguvu zimwishie, kwa kuwa tangu karne ya 13 tabibu wao Li Dongyuan alishaandika kwamba kula ovyo na kazi ya kupita kiasi huharibu bandama na tumbo.

Asubuhi ile Mwalimu alikuja kukagua. Panya walikuwa wamerundikana pembeni mwa kizimba, migongo imepinda, macho nusu yamefumba, manyoya yamefifia. Maranda yameloa. Mwalimu, ambaye asubuhi nyingine alikuwa akishika mapigo ya wagonjwa wa kweli, akamtoa mmoja kwa shina la mkia, akamlaza kiganjani. Ulimi, ambao kwa mtu angeutazama, hakuhangaika nao. Akatazama masikio, pua, nyayo, mkia: vyote vimepauka. Akanusa. Akampima uzito.

"Haya, muulize kama anajisikia mchovu."

Nikadhani mzaha, nikacheka peke yangu. Njia za matabibu wa Kichina za kumjua mgonjwa ni 4: kutazama, kusikiliza na kunusa, kuuliza, kushika mwili na mapigo. "Ya tatu ndiyo hatuna," akasema, akamrudisha panya kwa wenzake, nao wakampanda juu kama mzigo wa kuni. "Kwa hiyo tunaiuliza dawa."

Dawa yenyewe ni Sijunzi Tang: jinsengi, mzizi wa baizhu, kuvu wa fuling na urukususu. Panya wakipona kwayo, basi kilichougua kilikuwa bandama. Ndivyo inavyokwenda hoja, na mpaka leo sijui niiite busara au mbwa anayefukuza mkia wake. Maana kizimba kilichoachwa bila dawa nacho, sanamaki ilipokoma, kilianza kula. Polepole, lakini kilikula. Ndiyo sababu kundi la kupona lenyewe halikosekani, na ndiyo sababu kuna kipimo cha D-zailosi, sukari anayonyweshwa panya ili ionekane utumbo wake unafyonza kiasi gani.

Nikamuuliza Mwalimu: na kama urukususu peke yake ingewaponya, tungesema waliugua nini? Akacheka mpaka miwani ikateremka. "Hilo liandikie tasnifu."

Niliandikia D-zailosi. Ile ina tarakimu, na ufadhili ulikuwa unakaribia kwisha.