Elfu Saba za Mombo

Kutoka Dar hadi Korogwe sina la kusimulia. Kiyoyozi cha basi kilikuwa cha kuandikwa ubavuni tu, kiti changu kiligoma kulala, na tuliposimama kula tulipewa dakika kumi na sahani ya chipsi mayai ya shilingi 5,000 yenye mafuta kuliko mayai. Choo nacho 500. Chalinze, Wami na Segera nilivipita usingizini.

Kilichoniamsha ni mkonge. Mistari na mistari, pande zote za barabara, hadi milimani. Mimi ni mtoto wa Kimamba, kule Kilosa. Baba alikuwa kibarua wa korona, mashine ya kuchakata mkonge, na jioni alirudi na kishungi cha singa za mkonge mfukoni. Mama alizichovya kwenye majani ya chai na masizi, akazishonea kwenye kichwa cha kitambaa kilichoshindiliwa sufi, macho akayatia kwa uzi mweusi. Huyo ndiye Zuhura, mdoli wangu. Kila Jumamosi mama akinisuka mimi, nami namsuka yeye, mtindo ule ule wa twende kilioni, na nikimvuta sana nililia kwa niaba yake. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na inasemekana ni miche 62 tu iliyofika hai. Kwa hiyo ukifuata ukoo, Zuhura alikuwa na asili ya Marekani, ila hakuwahi kuringa.

Mombo nikashuka kupanda kosta ya Lushoto, na kosta ya Lushoto haiondoki mpaka ijae. Imejaa kwa macho yangu, konda anasema bado. Jua linachoma. Ndipo nikamwona binti wa miaka minane hivi, amekaa kando ya meza ya mama muuza plamu, mgongoni kafungia kipande cha kanga, na juu ya kanga kimechungulia kichwa chenye nywele za katani.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba. Mwanao anaitwa nani?"

"Mwanahawa."

"Ana miezi mingapi?"

"Bado mchanga."

Nikamuuliza kama ataniuzia. Akanipima kutoka kichwani, macho yakatua kwenye mkoba.

"Elfu kumi."

"Elfu kumi! Mdoli wa matambara?"

"Matambara ya bure. Ghali ni nywele."

Nikataja elfu tatu. Hakubisha. Alimfungua mtoto mgongoni, akamgeuza kisogo, akaninyamazia. Twende kilioni, mistari sita, imenyooka kuliko ya saluni ninayolipia mjini. Abiria wa dirishani wakaanza kushangilia, mmoja akasema mpe mtoto haki yake. Tukafika elfu saba. Binti akamfuta mdoli uso kwa mate, akamnong'oneza jambo sikioni, akanikabidhi kwa mikono miwili: "Usimlaze chini, anaogopa sisimizi." Koo likanibana, nikaongeza mia tano ya plamu ambazo sikuzichukua.

Konda akanipokea mlangoni akicheka. "Dada, nawe umeuziwa Mwanahawa?"

Nikageuka. Binti alikuwa ameinama chini ya meza ya mama yake. Alipoinuka alikuwa anafunga kanga upya, na kichwa kingine cha katani kimechungulia. Akanipungia mkono bila haya hata kidogo, na mama yake akaendelea kupanga plamu.

Nauli ikawa 5,000, na kwa fedha hiyo nilisimama nusu ya njia. Maporomoko ya Soni niliyaona kupitia kwapa la mtu. Kona za barabara ile zinakusukuma huku na kule, nami mkono mmoja nimeshika bomba, mwingine mdoli, watu wazima wananitazama. Sikujali. Nilikuwa namkumbuka bibi mzaa mama, ambaye hakuwahi kunicheka nikiongea na Zuhura. Kwao mwali akiwekwa ndani hupewa mwana hiti, mdoli wa mti, amwogeshe, ampake mafuta, amtunze nywele; mdoli kwake haukuwa upuuzi. Baba ndiye aliyeona haya. Siku moja alitoka Dar na mdoli wa plastiki, nywele za njano, ukimlaza anafumba macho. Akawekwa juu ya kabati, asiguswe asije akavunjika. Sijui hata kama alikuwa na jina.

Harusi iliyonipeleka Lushoto ilikuwa nzuri, baridi ilikuwa kali, chumba cha gesti 30,000 bila maji ya moto. Usiku nikampigia mama kumsimulia.

"Umelipa ngapi?"

"Elfu saba."

"Elfu saba?" Nikasikia anawarudia watu aliokuwa nao, na kicheko. "Na huyo mtoto ana wengine chini ya meza? Mungu amtunze. Mie nilikushonea bure mpaka vidole vikatoboka."

"Zuhura aliishia wapi, mama?"

"Zuhura yupi? Walikuwa watatu. Panya walikuwa wanapenda sufi. Ukilala, nashona mwingine, nahamisha zile nywele." Kisha akataka kujua bei ya plamu kwa sado, na nisithubutu kumletea mbichi.